Mahindi yamejaa ghalani, mtoto amedumaa: sisi wa Iringa na Njombe tunakosea wapi?

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Kamwene wakuu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Mufindi, huu ni mwaka wa saba. Nyuzi za humu nazisoma sana bila kuandika. Leo nimeona nianzishe wangu maana kuna jambo limenikaa kooni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania, 30 wamedumaa. Iringa ni kama 57. Njombe na Rukwa wako kwenye 50. Yaani sisi tunaopakia malori ya mahindi, maharage na viazi kila msimu, ndio wenye watoto waliodumaa kuliko wanaotununulia hicho chakula. Ukitaja hilo kwenye kikao, kila mtu anajibu "elimu ya lishe". Hata mimi. Kila kikao cha wazazi nilikuwa nasimama na kuwahubiria karanga, dagaa na mayai. Wanaitikia, wananipigia makofi, wanarudi nyumbani.

Sasa mwezi wa pili, binti mmoja niliyemfundisha awali, sasa hivi yuko darasa la pili, akawa anakuja shule siku mbili kwa wiki, siku nyingine haonekani. Mwalimu wake wa darasa akaniomba nipite kwao kwa kuwa ni njiani kwangu. Nikapita saa sita mchana. Nimemkuta mlangoni amembeba mdogo wake mgongoni kwa kanga, anayumba kushoto na kulia kama mama mtu mzima, mkono mmoja unampiga-piga mtoto makalio. Miaka minane. Anaongea na mimi huku anayumba.

Nikamuuliza mama yuko wapi. Kaenda kuchuma chai. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi jioni saa kumi au kumi na moja. Baba yuko Mafinga kwenye mbao. Mtoto kala nini? Akanionyesha chupa ya chai iko juu ya kiti. Ndani kuna uji aliopika mama alfajiri. Akafungua, akamimina kwenye kifuniko, mwepesi kama maji ya kunawia mikono. Nikaonja. Vuguvugu, umeanza uchachu. Mtoto akanywa vifuniko viwili akageuza uso. Dada yake akafunga chupa, akairudisha kitini. Ndiyo basi, chakula cha mchana kimeisha.

Wakuu, nyuma ya nyumba hiyo kuna ghala. Mahindi yapo. Maharage yapo kwenye ndoo. Kuku nimewahesabu, sita. Parachichi mbili zimezaa mpaka matawi yameinama, zinasubiri mnunuzi maana hizo ni za kwenda nje. Mama wa nyumba hiyo najua anajua karanga na dagaa, maana mimi ndiye niliyemwambia!

Toka siku hiyo nimebadili msimamo. Nasema tatizo letu kubwa sio chakula wala ujinga. Mtoto wetu hana mtu. Kuanzia alfajiri hadi jioni hakuna mtu mzima wa kumlisha kidogo kidogo, wa kumwongelesha, wa kuona kwamba leo amenyong'onyea. Nikosoeni. Nawasilisha.

---

Mzee wa Lumbesa

Mwalimu heshima yako. Ila haya mambo ya udumavu mimi yananichekesha. Sisi wa nyanda za juu ni wafupi wa asili, ndivyo Mungu alivyotuumba. Baba yangu mfupi, babu yangu mfupi. Waliompiga Mjerumani pale Lugalo 1891 nani aliwapima urefu? Hao watafiti wanachukua kipimo cha Mzungu wanakuja kutupimia nacho watoto wa Kihehe, halafu tunaambiwa tumedumaa.

---

Nesi wa Zahanati

Mzee wa Lumbesa shikamoo. Naomba nikupinge kwa adabu.

Kipimo tunachotumia kliniki sio cha Mzungu. Shirika la Afya Duniani lilikitoa 2006 baada ya kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua familia ambazo mama anapata huduma, havuti sigara, mtoto ananyonya vizuri, nyumba ina hali nzuri. Ikaonekana mtoto wa Accra na wa Muscat na wa Oslo wakilelewa hivyo wanarefuka karibu sawasawa hadi miaka mitano. Urithi upo, lakini unajionyesha zaidi baadaye. Katika umri huu kinachomfupisha mtoto mara nyingi ni maisha yake.

Jambo la pili, udumavu na ufupi ni vitu viwili. Ufupi peke yake haumzuii mtu kitu, tuna mainjinia wafupi kibao. Tunapima urefu kwa sababu ubongo hatuwezi kuufungua tukaupima. Mfupa uliokosa vya kujengea ndani ya siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili, unakwambia ubongo nao umekosa vilevile. Na huo ndio wakati ubongo unakua kwa kasi ambayo haurudii tena.

Nikiri pia kosa la kwetu. Vituo vingi tunapima uzito tu. Mama anakuja, mtoto anatundikwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, ikiwa kwenye kijani tunamwambia "hongera mama, mwezi ujao". Kumbe mtoto aliyedumaa anaweza kuwa kibonge mzuri kabisa, uzito unalingana na ufupi wake. Ubao wa kupimia urefu upo stoo au haupo, na hata ukiwepo unataka watu wawili wa kumshika mtoto, foleni ya akina mama 70 inakusubiri nje.

---

Mama Wawili

Mwalimu umeniliza. Huyo mama ni mimi miaka minne iliyopita, tofauti mimi nilikuwa duka la nguo Makambako, sio chai.

Wa kwangu wa pili alianza kudhoofika akiwa na miezi minane. Nywele zikawa nyepesi, kachangamfu kakaisha. Mama mkwe akatoa hukumu siku hiyohiyo: mtoto amebemendwa. Kwamba mimi ama baba yake tumetoka nje ya ndoa na tukamshika mtoto. Basi mtaa mzima ukajua. Nilipelekwa kwa mzee mmoja mtoto akaogeshwa dawa, elfu kumi na tano na jogoo vikaenda. Kliniki nikaacha kwenda kwa aibu, maana kila nikifika naona wananisema.

Ukweli ambao sikumwambia mtu: toka nijifungue nilikuwa sijisikii kuishi. Sikuwa na hasira na mtoto, nilikuwa sina kitu chochote juu yake, sijui nielezeje. Analia namsikia kwa mbali kama redio ya jirani. Namnyonyesha macho yangu yako ukutani. Baba yake yuko Dar, anatuma hela kila mwezi, sio kwamba hatumi. Hela ipo, chakula kipo, na mtoto anadhoofika mikononi mwangu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja mhudumu wa afya ngazi ya jamii, alipita tu nyumbani akaniuliza, "Na wewe mama, unalala?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wanauliza mtoto.

---

Nesi wa Zahanati

Pole sana dada. Hiyo inaitwa sonona baada ya kujifungua na inatibika. Na mtoto wa mama mwenye sonona anaathirika hata kama sahani imejaa, kwa sababu kulisha mtoto wa miezi minane ni kazi ya mazungumzo. Anafungua mdomo, unampa, anageuka, unasubiri, unamchekesha, anarudi. Ukiwa umezima ndani, hiyo mechi haichezwi. Mtoto anapoteza chakula na anapoteza mazungumzo kwa wakati mmoja.

Kuhusu kubemenda: mkisikia neno hilo mjue mara nyingi anayesemwa ni mtoto mgonjwa au mwenye utapiamlo, na anayeaibishwa ni mama. Wanachelewa kuja kwetu kwa sababu ya neno hilo moja. Inaniudhi kuliko mbu.

---

Bwana Afya Mstaafu

Nimekaa miaka 31 kwenye afya ya mazingira, nimechimbisha vyoo mpaka wakaniita Bwana Choo. Kampeni ya Nyumba ni Choo nimeifanya kwa moyo wote. Kwa hiyo mtarajie niseme tatizo ni vyoo.

Sitasema hivyo, au tuseme sitasema hivyo tu. Kuna majaribio makubwa yalifanyika magharibi mwa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe. Kaya zikajengewa vyoo vizuri, dawa ya kutibu maji, kibuyu chirizi cha kunawia. Nyingine zikapewa lishe ya ziada. Matokeo yalipotoka 2018 na 2019, watu wa fani yangu tulishika vichwa: choo, maji na sabuni peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Lishe iliongeza, lakini kidogo.

Msije mkabomoa vyoo! Bangladesh kuhara kulipungua, na kipindupindu hakina huruma. Lakini jiulizeni kwa nini watoto hawakurefuka. Mimi jibu langu liko uani. Huyu mtoto wa kwenye kisa cha mwalimu, anayeshushwa mgongoni, anatambaa wapi? Kuku sita wanatembea wapi? Usiku kuku wanalala wapi? Kwetu huku kwa baridi ya mwezi wa sita kuku wanalala jikoni, na asubuhi mtoto anatambaa humohumo, anaokota, anaweka mdomoni. Choo umejenga mita 20 nyuma ya nyumba, kinyesi kiko kwenye kiganja cha mtoto. Wataalamu wanasema utumbo unaoshambuliwa na vijidudu kila siku unachakaa kwa ndani, vile vinyweleo vya kunyonya chakula vinalala, mtoto anakula na hakibaki kitu. Hata haharishi, kwa hiyo huoni ugonjwa.

Ongeza na moshi. Chumba kimoja, jiko la kuni, dirisha limezibwa na gunia kwa sababu ya baridi. Nimonia zetu mnadhani zinatoka wapi?

---

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Mzee wangu Bwana Afya, umenifanya nirudi kumbukumbu ile nyumba. Sakafu ya udongo, na mtoto aliposhushwa kitu cha kwanza alichofanya ni kuokota kitu chekundu nikadhani ni shanga, kumbe kipande cha gunzi kuku wamekidonoa. Dada yake hakushtuka. Kazi yake aliyoachiwa ni mtoto asiungue na asipotee. Hiyo anaifanya vizuri sana, tusimlaumu.

Ndiyo maana narudia: anayekataza gunzi lisiende mdomoni ni mtu mzima aliyepo.

---

Bibi wa Lupembe

(Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anabonyeza.)

Nalea wajukuu watatu. Mama yao alikufa, na ugonjwa wenyewe Njombe mnaujua, hakuna ukoo haukupita. Mnasema mtoto hana mtu. Mimi ndio mtu wao na nina miaka 71, magoti hayataki.

Zamani tulikuwa tunakwenda shambani na mtoto mgongoni. Ukifika unamlaza chini ya mti, mkubwa anamwangalia, unalima huku unamsikia. Akilia unakuja, unakaa, unanyonyesha, unapumzika na wewe. Shamba lilikuwa lako, nani atakufokea? Leo binti anakwenda kibarua kwenye shamba la mtu. Gari linakuja alfajiri, mwenye gari anasema watoto hawapandi. Akishika jembe anahesabiwa mistari. Hapo mtoto atamweka wapi?

Na jambo lingine. Tulikuwa na mboga nyingi. Mnafu, majani ya maboga, kunde, kumbikumbi msimu wake, panzi. Watoto walikuwa wanatembea wanaokota matunda ya porini wanakula. Sasa msitu wote ni mipaini na miparachichi. Chini ya mpaini huokoti kitu.

---

Kibarua Huru

Bibi shikamoo. Umeongea kitu ambacho sijakisikia kwenye semina hata moja.

Mimi ni mwanaume lakini mke wangu yuko kwenye vibarua kwa hiyo naijua hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100. Akirudi kazini mwajiri anatakiwa ampe muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba siku 3. Siku tatu jamani, hata kitovu hakijadondoka.

Sasa piga hesabu. Mnasema mtoto anyonye maziwa ya mama matupu miezi sita. Siku 84 ni wiki 12. Wiki nyingine 14 nani anamalizia? Na hapo tunaongelea mwenye mkataba. Kibarua wa kulipwa kwa kilo au kwa mistari hana likizo wala saa mbili. Wangu alirudi kazini mtoto ana wiki saba. Akichelewa siku moja nafasi imechukuliwa na mwingine. Maziwa yalikuwa yanamvuja hadi kwenye kitenge shambani, jioni akifika mtoto ameshashibishwa uji hataki ziwa. Miezi miwili maziwa yakakata.

Ndio maana nikisikia mtu wa mjini anasema "akina mama wa Iringa hawajui kunyonyesha" naomba nisimjibu.

---

Mzee wa Lumbesa

Naona wote mnapapasa, tembo hamumsemi. Ulanzi. Kuanzia mwezi wa kwanza mvua ikikolea, mianzi inagemwa, baba yuko kilabuni na mama yuko kilabuni. Mtoto akilia anapewa mtogwa. Mtamu, haujachacha, "hauna pombe huo". Analala vizuri. Nimeona kwa macho yangu, na nikiwa mkweli mimi mwenyewe nimekunywa nikiwa mtoto. Mnionavyo hivi.

---

Nesi wa Zahanati

Ulanzi hausubiri ruhusa kuchacha mzee, ukigemwa asubuhi mchana umeshaanza kazi. Na hata kabla ya pombe yenyewe, mtoto anashiba maji ya sukari, tumbo lake ni kama ngumi yake tu, limejaa, uji hauingii. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku na kitu cha katikati, parachichi, yai, ndizi. Sisi tunampa milo ya mtu mzima, asubuhi na usiku, tena usiku ameshalala.

Ila mzee, nimekuwa na wazazi wasiokunywa hata soda na mtoto wao amedumaa. Ulanzi tusiufanye kichaka cha kujificha.

---

Kaka wa Mikindani

Salamu kutoka Mombasa. Nimefuata kiungo cha rafiki nikaingia humu, natumai mwaniruhusu.

Ninyi mwazungumza mama hayupo. Mimi niwape kisa cha mama aliyekuwepo. Jirani na sisi hapa kuna kijiji chaitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kulifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ukuta wake wagusana na nyumba za watu. Moshi mchana na usiku, maji machafu yapita mlangoni. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale kiwandani. Mtoto wake akaugua, homa haishi, dawa hazishiki. Mwisho damu ikapimwa, ikapatikana na madini ya risasi. Mtoto alikuwa bado anyonya. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akirudi nayo nyumbani.

Akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapata tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 korti ikaamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na hapo tena kesi ikazunguka rufaa mpaka Mahakama ya Juu.

Risasi haina harufu. Mtoto hula na kucheza na kunenepa, akifika shule haelewi, hatulii, mwalimu amchapa. Kilichoingia kwenye ubongo mchanga hakitolewi kwa uji wa karanga. Kwa hivyo ewe mwalimu, mtu mzima akiwepo ni sawa, lakini hewa na mchanga anaokalia mtoto pia vina neno. Mwenye mume fundi wa betri amwambie avue nguo za kazi nje kabla ya kumpakata mtoto. Na zifuliwe mbali na nguo za mtoto.

---

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Kaka wa Mombasa karibu sana, na umenirekebisha. Kuna wanafunzi wawili baba zao ni mafundi betri senta. Mmoja kweli hatulii darasani hata dakika. Sisemi ndiyo sababu, ila tangu nisome hapa namwangalia kwa jicho jingine.

---

Kijana Mdadisi

Nesi naomba kuuliza. Mtoto akishadumaa ndiyo basi? Maana mwanangu ana miaka miwili na nusu na haya maneno yananitisha.

---

Nesi wa Zahanati

Urefu ni mgumu kurudisha wote baada ya miaka miwili, sitakudanganya. Akili ni habari nyingine. Kingston, Jamaica, miaka ya 1986 na 1987, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Wengine wakapewa maziwa ya unga kilo moja kwa wiki. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa kawaida wa afya, saa moja hivi, anamfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vilivyopo, makopo, vitambaa, picha. Miaka 20 baadaye wakawatafuta. Waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezeshwa. Waliopewa maziwa tu, ile faida yao ya mwanzo ilikuwa imeyeyuka.

Kwa hiyo wa kwako mwongeleshe. Unakoga, mwambie unakoga. Unamenya kiazi, mpe ganda ashike, mwulize. Vifuniko vya soda, gari la boksi, hesabu vidole. Serikali yenyewe imeweka hili kwenye ule mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali uliozinduliwa Dodoma Desemba 2021, ambao humu tunauita PJT-MMMAM mpaka ulimi unajikunja. Mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali. Hilo la mwitikio ndilo halina dawa ya kuletwa na gari la bohari, ndiyo maana linasahaulika.

---

Mzee wa Lumbesa

Jamaica si Mufindi. Ila nitamhesabia mjukuu vidole, hainigharimu.

---

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Wakuu, mrejesho. Samahani nilipotea, mitihani.

Baada ya huu uzi nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji. Sikwenda na semina, nilikwenda na swali moja: ni kaya ngapi hapa mchana hazina mtu mzima na zina mtoto wa chini ya miaka mitatu? Tukahesabu kwa vidole, zikafika 14. Hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Siku ya afya na lishe ya kijiji nesi wa kwetu (sio huyu wa humu, au labda ndiye, sijui!) alikuja na ubao. Seremala mmoja alishajitolea kuuchonga, huku kwetu mbao ndio hazikosi, lakini nesi akasema vipimo visivyo sahihi ni hatari, tutumie wa kwake. Yule mdogo wake yule binti, mwaka mmoja na nusu, kalazwa kapimwa: sentimita 72 na nusu. Msichana wa umri huo mstari wa chini ni kama 75. Mama yake alikuwepo, kaomba ruhusa siku hiyo. Aliangalia ubao, akaangalia kadi yenye nukta zote kwenye kijani. Akaniambia, "Mwalimu, mimi kila mwezi nilikuwa naambiwa hongera."

Akina mama wakakubaliana wenyewe: zamu. Kila siku mama mmoja haendi kibarua, anabaki na watoto wa wenzake kwenye banda la kanisa, uji unapikwa mara mbili hapohapo, mkeka juu ya saruji, kuku marufuku. Siku ya kwanza walikuja watoto wanne. Wiki ya tatu, 11. Ugomvi umeshatokea wa kutosha. Mmoja kasema uji wa zamu ya fulani ni maji, mwingine mtoto wake karudi na ukurutu. Wababa walikuwa wanapita wanacheka, sasa wawili wamekarabati mlango. Kutia zamu wao wenyewe bado.

Yule binti amerudi shule, siku tano kwa wiki. Jumatatu nilikuwa zamu ya mstarini. Amesimama na wenzake wanaimba wimbo wa taifa, begi mgongoni, na anayumba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mkono mmoja nyuma unalipiga-piga begi.

---

Mama Wawili

Mwalimu, huyo mama wa zamu anafidiwaje siku yake ya kibarua? Huku Makambako tunataka kujaribu, tumekwama hapo.

---

Mwalimu wa Awali (mleta mada)

Kila kaya kisado kimoja cha mahindi kwa mwezi, vinakusanywa kwa mwenyekiti na kugawanywa kwa idadi ya zamu. Hakifikii pesa ya kibarua, ni kama nusu yake tukiuza. Mwezi huu kaya tatu hazijatoa. Kikao ni Jumapili baada ya ibada.